Birika Lenye Adabu

Jumatatu, 6 Machi

Nimerudi. Sijamtangazia mtu, lakini nimerudi. Ulimwengu wa vyombo vya umeme utajua kwa wakati wake.

Habari zenyewe ni hizi. Dada kapiga simu asubuhi. Anasema Mama amechoka kuwa mwenye karakana asiyoiendesha. Jumapili ataita watu wa nyumbani, ufunguo autie mkononi mwa mtu mmoja, na huyo ndiye mwenye nayo moja kwa moja. Karakana ya marehemu Baba! Ile niliyoikuta chumba cha kutengenezea redio, nikaigeuza kampuni, nikaitundikia kibao, nikajipa cheo cha mkurugenzi. Halafu ndugu zangu wa damu wakapiga kura kunitoa, nami nimekaa palepale mezani nikiwahesabia mikono. Miaka mitatu sasa. Yote kwa sababu ya Saa Yenye Huruma.

Niieleze tena, maana watu wanaisema vibaya. Ilikuwa saa ya kuamsha inayosikiliza pumzi za mtu aliyelala. Ikiona usingizi umemkolea, inamhurumia, hailii. Basi. Wateja wakachelewa kazini, mmoja akakosa mtihani, saa zikarudi kwa magunia. Ndivyo walivyo watu. Wahurumie, watakuletea risiti.

Tangu hapo karakana iko chini ya Shemeji, mume wa Dada. Anatengeneza birika la umeme lenye kitufe kimoja. Washa. Zima. Ubunifu ulioje. Yamejaa kila duka hadi yanakera. Kipaji chake kingine ni kusalimia watu. Haingii mahali bila shikamoo, mmeamkaje, mguu unaendeleaje, na yule aliyekuwa anakohoa? Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti anatumia robo saa. Kila jioni akifunga kazi hupitia kwa Mama kumjulia hali. Kila jioni. Mtu mwenye kazi ya maana angepata wapi nafasi hiyo?

Mimi mtu akinisalimia huinua kidole kimoja, kuonyesha kwamba niko katikati ya wazo. Mke wangu anasema majirani wanadhani nawakumbusha kuna Mungu.

Nikamuuliza Dada nimesimama wapi. Akasema Mama hajaamua, na kwamba ningeanza kwa kwenda kumwamkia, maana tangu ile kura sijakanyaga kwake. Nikamwambia sina muda wa kuzunguka nikiamkia watu, nina wiki moja ya kubadilisha maisha ya majikoni. Simu ikakatika. Mitandao ya siku hizi mibovu.

Jumanne, 7 Machi

Wazo limekuja! Limenikuta bafuni na sabuni machoni.

Mama anapenda adabu? Nitampelekea adabu. Wala si hii ya Shemeji, ya mdomo, inayokwisha mlango ukifungwa. Adabu ya umeme. Birika linaloamkia! Unalitia maji, linakwambia shikamoo, unaitikia marahaba, linachemsha. Usipoitikia, halichemshi. Baada ya hapo friji, feni, pasi, redio isiyosema mpaka ijuliwe hali. Vyombo vyote vya siku hizi vina utovu wa adabu, vinawaka tu kama vilikuwa vinakungoja mlangoni.

Nimenunua mabirika mawili. Ni ya Shemeji, dukani hayapo mengine. Mwenye duka akanisifia kwamba nimechagua vizuri, nikameza hilo nalo. Nimeyafungua matumbo nikayatia sakiti za kusikiliza, zilezile za Saa Yenye Huruma. Ninazo ndoo nzima chini ya kitanda. Mungu hamtupi mja wake.

Ikabaki sauti. Nikamwomba mke wangu aitoe yake. Akasema yake ameimaliza kuniita nije kula. Nikarekodi ya kwangu. Binti yetu, ambaye ana miaka sita na hajui biashara, akasema linasikika kama askari anayetaka leseni.

Jaribio la kwanza jioni. Birika likasema shikamoo. Mimi siwezi kuitikia kifaa nilichokitengeneza mwenyewe, fundi cherehani hasemezani na suruali, kwa hiyo nikamsukuma binti mbele. Akaitikia marahaba. Taa nyekundu ikawaka, maji yakaanza kuimba. Machozi yalinitoka kidogo. Mvuke.

Jumatano, 8 Machi

Mushkeli. Mdogo tu.

Binti ameonja ukubwa, ameupenda. Asubuhi kakutana kwenye ngazi na jirani yetu wa juu, Mwalimu Mstaafu, aliyefundisha nusu ya mtaa huu na kuchapa nusu iliyobaki. Binti hakumwamkia. Alisimama akamngoja. Mwalimu alipozidi kunyamaza, binti akamsaidia: akamwambia marahaba.

Mwalimu akaja mlangoni kwangu kwa miguu yake mibovu. Akaniuliza birika lina umri gani. Nikasema siku mbili. Akaniuliza mtoto ana umri gani. Nikamtajia. Akasema basi hesabu za kuamkiana ziko sawa, birika limekosea wapi? Ila chombo kinachomwamkia mtoto kutwa kitamzeesha kabla hajaota meno. Alisema mengi, akiwa amesimama, na kila aliposhusha pumzi nilidhani amemaliza.

Wakati huohuo mabirika yote mawili yalikuwa mezani yakiamkiana. Shikamoo, linasema hili. Shikamoo, linasema lile. Hakuna lililotaka kuwa mkubwa. Yakaendelea hivyo mpaka moja likaunguza fyuzi na nyumba nzima ikawa gizani. Mke wangu akasema walau mabirika yana unyenyekevu.

Mvumbuzi hashindwi, hugeuza. Nimegeuza! Kuanzia sasa birika ndilo mkubwa. Ni wewe unayeliamkia, lenyewe linaitikia marahaba, kisha linachemsha. Mtoto anajifunza heshima, mtu mzima anakumbushwa. Mwalimu Mstaafu akafurahi mno, akajitolea sauti yake bure. Nikamrekodi. Maneno yenyewe: Marahaba, simama wima, toa mkono mfukoni.

Haikufaa. Binti alijificha chini ya meza. Mke wangu naye akasema yule mzee alimfundisha miaka minne, kisha akaanua taulo la jikoni na kulikunja mara nyingi kuliko inavyohitajika. Hatamkubali jikoni kwake.

Alhamisi, 9 Machi

Sauti imepatikana. Sauti ya sauti zote!

Chini ya kitanda, nyuma ya ndoo ya sakiti, kuna sanduku la kanda za Baba. Alikuwa fundi wa redio kaseti. Akimaliza kutengeneza moja, alikuwa akibonyeza kitufe cha kurekodi, anaiacha mezani isikilize karakana, halafu mwenye mali akija anamchezea asikie kwamba imepona. Hakuwahi kurekodi wimbo wala hotuba. Ni nyundo, bisibisi inayoanguka, kikohozi chake, na wateja wanaoingia.

Nikaitia kanda ya kwanza. Mlango unalia. Mtu anasema shikamoo mzee. Halafu yeye, safi kabisa, kama ameketi chumba cha pili: Marahaba, mwanangu. Karibu. Nini kimeharibika leo?

Alimwambia kila mtu maneno hayohayo. Hata mimi niliporudi shuleni aliniambia hivyo. Nilikaa sakafuni nikairudia kanda mara nyingi sana. Ilikuwa lazima, nilikuwa nakagua ubora wa sauti.

Alasiri ikawa ndani ya mabirika yote mawili. Binti akaliamkia moja. Likamwitikia, likamkaribisha, likamuuliza nini kimeharibika leo. Babu yake hakuwahi kumwona. Basi akavuta kiti akamweleza: kiatu kimeachia, mdoli hana mkono, rafiki yake wa shuleni amepata rafiki mwingine. Maji yakachemka yakapoa, bado anaeleza.

Mke wangu alitoka chumbani na nguo mkononi, akasimama. Akasema huyo ni Baba. Nikasema ndiye, na hadai chochote. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akanitaka niende leo hii kwa Mama, nikae naye, nimweleze taratibu, maana haifai mwanamke kumkuta mumewe ndani ya birika mbele za watu. Nikamjibu kwamba uzinduzi usio na mshangao ni kikao tu, na vikao ndivyo vilivyonitoa kazini.

Nimeiona Jumapili nzima kichwani. Kitambaa kinavutwa. Mama analiamkia birika. Baba anaitikia. Mama analia, Dada analia, Shemeji analia kwa sababu nyingine. Ufunguo unakuja kwangu.

Ijumaa, 10 Machi

Leo nimempeleleza adui.

Nilivaa kofia na miwani ya jua, nikajipenyeza karakanani kama mteja. Hatua ya pili tu, Shemeji akaniita kwa jina la utani la utotoni, Bwana Cheche, mbele ya mafundi wote. Akaja na mikono miwili. Hujambo shemeji, mkeo hajambo, mtoto hajambo, lile paa lenu bado linavuja? Sijui nani alimwambia habari za paa. Nikainua kidole. Akakishika akakitikisa.

Akanipa kiti. Akabonyeza kile kitufe chake kimoja. Chai ilikuwa tayari kabla sijamaliza kumdharau.

Karakana imebadilika. Safi. Kila bisibisi ina mahali pake ukutani. Ila meza ya Baba iko palepale dirishani, na mbele yake kuna stuli yangu, ile niliyoichonga herufi zangu nikiwa mdogo. Haina vumbi. Nikauliza nani anaikalia. Akasema hakuna, imehifadhiwa. Akaninong'oneza, mafundi wasisikie, kwamba Jumapili ufunguo uende kwake au uende kwangu, yeye anapenda tufanye kazi pamoja, nikae pale pale, nibuni, yeye auze. Mawazo yangu tisa kati ya kumi ni moto wa makaratasi, akasema, lakini la kumi huwa halina mwenziwe.

Nimemsoma. Anatetemeka! Mtu mwenye uhakika wa ushindi hagawani.

Nikamwambia nitafikiria nafasi yake baada ya Jumapili. Hakukasirika. Akanisindikiza hadi barabarani, akasema Mama huuliza habari zangu kila jioni, na yeye hana la kumjibu kwa hiyo humwambia niko na kazi nyingi. Nikasema kweli ninazo. Akasema Mama angefurahi kunisikia nikimwambia mwenyewe. Nilikuwa nimeshaondoka. Ilibidi nirudi, nilisahau miwani.

Jumamosi, 11 Machi

Maandalizi. Koti la mkurugenzi limegoma kufunga kifungo, nitalivaa wazi kama mtu mwenye joto la mafanikio. Mwalimu Mstaafu ameisoma hotuba yangu, ameirudisha na wino mwekundu, na bado ana kinyongo cha sauti yake kuachwa.

Birika lilikuwa na uziwi kidogo, mtu mpaka apige kelele. Nimekiongeza kipaza sauti chake, na cha mwenzake, hadi mwisho. Sasa lina masikio balaa. Adhuhuri muuza maziwa alimwamkia mtu kule chini kwenye ngazi, birika likamwitikia kutoka jikoni na kumuuliza nini kimeharibika. Akajibu kwamba ni baiskeli. Nimeliacha hivyohivyo. Mama hasikii vizuri, acha birika lisikie kwa niaba yake.

Mke wangu amejaribu tena. Alikuwa akipiga pasi shati langu, akasema bila kuniangalia kwamba kesho nikifika nisahau birika kwanza, nimpe Mama mkono, nimwamkie, nikae. Dakika moja. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nikamjibu kwamba mvumbuzi wa kweli hainami, huinua kitanda.

Akaliacha lile shati upande mmoja haujapigwa. Halionekani chini ya koti.

Jumapili, 12 Machi

Niandike taratibu. 

Tulifika mapema. Mimi, mke wangu, binti, na birika chini ya kitambaa cha kijani. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, ufunguo wa karakana mapajani. Amepungua. Sikutegemea awe amepungua hivyo. Dada alikuwa ameshafika. Shemeji alikuwa amepitia kununua mkate. Nikasema moyoni, na awahi mkate, mimi niwahi kiti.

Mke wangu akamwamkia Mama, binti akamwamkia Mama. Mimi nikauliza soketi iko wapi.

Nikachomeka. Nikatoa hotuba, ile ya wino mwekundu. Nikaeleza jinsi ya kuliwasha birika bila kulitaja lile neno lenyewe, maana lilikuwa limeshachomekwa na masikio yake nayajua. Kitambaa nikakivuta kwa madaha, kikanasa kwenye mdomo wa birika, nikakivuta tena. Nikamwomba Mama, kwa heshima zote, awe mtu wa kwanza duniani kuliamkia.

Mama akalitazama birika kwa muda. Akaniuliza kama linamzidi umri. Nikasema hapana. Akauliza kama ni mkwe wa mtu. Nikasema hapana. Akasema tangu utotoni ameamkia kila aliyemtangulia kuzaliwa, magoti yakiuma na yasipouma, mpaka naye amefika umri wa kuamkiwa. Leo mtoto wa tumbo lake, aliyeingia humu ndani akiulizia soketi, anamwambia aliamkie birika. Akasema asante, hana kiu.

Wote wakanitazama.

Mke wangu akaninong'oneza niliamkie mwenyewe. Neno moja tu. Mama amsikie Baba, mengine yatajipa. Alinishika mkono wa koti kabisa. Nami nilifungua mdomo, ndiyo, niliufungua. Halafu nikaona Dada ananitazama, uso uleule wa siku ya kura. Nikaufunga. Mkurugenzi hawezi kuanza utawala kwa kumwinamia mchemsha maji.

Tukakaa hivyo. Binti akauliza kwa nini hakuna anayesema. 

Hapo ndipo ikapigwa hodi. Shemeji, mkate kwapani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, hajaona birika wala hajui kuna nini. Na kwa kuwa huyu bwana hawezi kuvuka kizingiti bila kusalimia, akasema kwa furaha zake zote: Shikamoo Mama.

Marahaba, mwanangu, akasema Baba. Karibu. Nini kimeharibika leo?

Na kikohozi kidogo mwishoni. Sikukikata.

Mkate ulianguka. Dada akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Taa nyekundu ikawaka, maji yakaanza kuimba. Mama akainuka bila kushika fimbo. Akaenda mezani, akainama, akaliangalia lile birika kwa karibu kama mtu anayetazama usoni mwa mgonjwa. Lilipochemka na kujizima, akageuka akatembea hadi mlangoni, akaufungua mkono wa Shemeji, akautia ufunguo.

Akasema wiki nzima amekuwa akiugeuza ufunguo huu mkononi bila kujua ampe nani. Sasa mwenye karakana mwenyewe ameshamkaribisha anayemtaka.

Nilipinga. Kwa nguvu zote. Nikaeleza kwamba hilo ni suala la kiufundi, kwamba birika lingemwitikia mtu yeyote, hata mwizi, hata muuza maziwa, lilimwitikia jana, kwamba hakuna alichofanya huyu zaidi ya kusalimia. Alichotakiwa mtu ni kusalimia tu!

Dada akasema ndiyo. Alichotakiwa mtu ni kusalimia tu.



Shemeji, ufunguo mkononi na kiatu bado hajakiweka chini, akasema mbele ya wote kwamba stuli yangu ipo.  Nilikwenda kuchukua birika langu. Mama akaweka mkono juu ya kifuniko. Akasema hili linabaki, sisi wote tutoke nje, ana maneno na mumewe.

Tukatoka tukasimama barazani. Na kupitia dirishani tukamsikia analiamkia. Mwenyewe! Bila hotuba. Shikamoo. Baba akamwitikia, akamuuliza nini kimeharibika leo. Mama akaanza. Cherehani yake aliyoifungua na kuiacha vipande. Bati la jikoni aliloahidi kulipigilia. Safari ile aliyoondoka kwenda hospitali akisema anarudi mchana. Dawa alizokataa. Mto wake, ambao mpaka leo hajauondoa kitandani. Na huyu mwanao, akasema, huyu mwanao ana kiburi chako chote na subira yako hana, ameingia hajanishika hata mkono. Akinyamaza anaamkia tena, Baba anauliza tena, naye anaendelea alipoishia. Dada alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mke wangu aliegemea nguzo na kuficha uso.

Mimi nilikuwa nahofia maji. Likichemka mara zote hizo bila kuongezwa, litaungua.

Jumatatu, 13 Machi

Nimelala na jambo hili kichwani, nimeamka na majibu. Kosa ni kipaza sauti. Laiti ningekipunguza robo, birika lisingemsikia yule mtu wa mkate. Mengine yote yalikwenda kama nilivyopanga. Walilia, si ndivyo nilivyoandika Alhamisi?

Dada kapiga simu. Mama ameomba birika litengenezwe lisipate moto, liwe linaitikia tu. Ameliweka kwenye meza ndogo ya kando ya kiti chake na jana hakulala mpaka amelimalizia habari za majirani. Birika lisilochemsha! Hakuna kiwanda kilichofikiria hilo. Nilipomwambia Dada kwamba hapo tumefungua soko jipya, alishusha pumzi ndefu hadi nikadhani mtandao tena.

Alikuwa na jumbe mbili. Wa kwanza wa Shemeji: milango inafunguliwa saa mbili, stuli iko dirishani, niende nikitaka. Wa pili wa Mama. Anasema siku nitakayokwenda kumwamkia, mikono mitupu, bila kifaa chochote, mlango uko wazi na atapika mwenyewe.

Nikamwambia Dada amjibu Mama kwamba mkono mtupu haulambwi. Nitakuja na pasi.

Maana ndilo wazo lenyewe. Pasi Yenye Huruma! Inaipima nguo. Ikiona kitambaa kimechakaa, inakihurumia, haipati moto. Sakiti ninazo ndoo nzima. Nikampa mke wangu mchoro aupitie, akautumia kuwekea kikombe. Nimeshaanza na pasi ya nyumbani, nimeitawanya mezani, skrubu moja haionekani lakini ilikuwa ya ziada.

Jioni hii Mwalimu Mstaafu ameteremka kuulizia kama pasi itahitaji sauti. Binti akamfungulia, akamwamkia vizuri, kwa magoti, kama alivyofundishwa. Na birika letu, lile la pili, likaitikia kutoka jikoni. Marahaba, mwanangu. Karibu. Nini kimeharibika leo?

 Mke wangu akatokeza mlango wa jikoni, kikombe mkononi, akanitazama. Mwalimu akanitazama. Hata binti alinitazama, akaniambia kwa upole kwamba Babu anauliza.

Nikajibu kwa sauti, wote wasikie, kwamba hakuna kilichoharibika. Kisha nikainua kidole kimoja, nikaendelea kuitafuta ile skrubu.